Mapazia Yaliyofungwa Jumanne

Hillechien, mke wa Harm, alikuwa mtu wa kawaida, na asikudanganye mtu kwamba hiyo ni kazi nyepesi. Wapo wanaozaliwa hivyo, hata jasho haliwatoki. Yeye aliihangaikia. Jumatatu alifua, na nguo zake zilipanda kambani baada ya zile za jirani yake Lammigje na kabla ya za wavivu, kwa sababu anayewatangulia watu wote naye husemwa. Ijumaa aliosha vioo vya madirisha. Saa nne asubuhi ilikuwa kahawa, na biskuti moja kwa kila aliyekaa mezani, kisha kifuniko cha kopo kinarudi mahali pake. Biskuti ya pili ni majivuno, na huku kwetu mkoani Drenthe majivuno hayasamehewi.

Mapazia yake yalikaa wazi mchana na jioni, taa ikiwaka ndani, ili anayepita barabarani aone kuna nini mezani: viazi, mchuzi, Harm na gazeti lake. Ndivyo tulivyo kijiji kizima. Anayefunga mapazia ana maiti ndani, au ana jambo. Hillechien hakuwahi kuwa na jambo, na watu walipotaka kumsifu walisema tu kwamba yule mama ni wa kawaida. Akisikia hivyo alishusha pumzi. Wengine walidhani anaona haya, kumbe ni hofu iliyokuwa ikimtoka kidogo kidogo, halafu inarudi.

Hofu hiyo ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Fenna. Shangazi Fenna aliishi nao Hillechien alipokuwa mtoto. Alikuwa mcheshi, fundi wa kufuma soksi, mtu wa kumpakata mtoto hadi mtoto achoke mwenyewe. Kisha akaanza kuwajibu watu ambao hawapo. Mwanzoni alijibu kwa sauti ya chini huku akimenya viazi, baadaye mezani mbele ya wageni. Baba akafunga mapazia. Haikuchukua muda, majirani wakaja na gari wakamtoa kwa mlango wa mbele, amevaa koti lake la kanisani, anauliza kwa adabu wanakwenda wapi. Mlango wa mbele kwetu hufunguliwa kwa bibi harusi na kwa jeneza. Aliye hai na mzima wa akili hupita nyuma, huvua viatu vyake vya mbao, huita na kuingia. Hillechien alikuwa juu ya mtufaha, akayaona yote.

Fenna hakurudi tena. Picha yake ilishuka ukutani, na jina lake likafutwa kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa, ile inayotundikwa chooni. Mtoto akauliza mara moja tu shangazi yuko wapi. Mama yake akamwambia, "Kula viazi vyako." Akala.

Sasa basi. Miaka ikapita, Hillechien akaolewa, akazaa, akapata wajukuu, nywele zikaingia mvi kwa wakati wake kama za wenzake. Halafu mwaka mmoja, majani yalipoanza kudondoka, sauti ikamwita.

"Hille."

Ilitoka zizini. Zizi na nyumba viko chini ya paa moja, katikati kuna mlango, kwa hiyo alidhani ni Harm. Akafuta mikono akaenda. Ng'ombe walikuwa bado malishoni, zizi tupu, hakuna kitu ila majani makavu na baridi. Harm alikuwa mbali, ng'ambo ya mfereji, inaonekana kofia tu. Na alipotulia akafikiri, akakumbuka kwamba ile ilikuwa sauti ya mwanamke. Tena hakuna aliyemwita Hille tangu mama yake azikwe.

Sauti haikutukana wala haikuamuru. Iliita jina lake tu, kama mtu anayetaka umsaidie kushika upande wa pili wa shuka. Afadhali ingetukana, angejua la kufanya. Alichojua ni kwamba Fenna alianza hivyo hivyo. Akaanza kufungulia redio asubuhi mpaka jioni. Akaacha kwenda zizini peke yake. Usingizi ukampaa, na kila aliposikia mlio wa gari barabarani aliangalia kama linapunguza mwendo.

Siku ya kuzaliwa ya Roelie, jirani wa ng'ambo ya barabara, walikaa kwenye viti vilivyopangwa duara kama kawaida, kila mmoja ameshampongeza kila mmoja, keki iko magotini. Wakawa wanazungumzia bei ya maziwa. "Hille," ikaita, karibu kabisa, nyuma ya kiti chake. Akang'ata keki. Akatafuna, akameza, akasema maziwa kweli yamekuwa hayana faida. Kijiko chake kikagonga sahani, naye akasingizia baridi. Roelie akaenda kuongeza kuni. Nani angejua?

Harm hakumwambia. Harm alikuwa mtu mwema, ila moyo wake ulikuwa mgonjwa. Mwaka uliotangulia alidondoka kanisani katikati ya wimbo, na tangu hapo kijiji kizima kilimtazama kwa jicho la kumuaga. Hillechien aliona mwenye moyo wa namna hiyo habebeshwi mzigo wa mke anayeitwa na zizi.

Ikafika Jumanne moja. Harm aliamka kabla ya mapambazuko, akakamua, akapanda lori la maziwa kwenda mjini Emmen kung'olewa jino. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe, kwa kuwa anaogopa daktari wa meno kuliko kifo na hakutaka Geert, jirani mwenye mdomo, apate cha kucheka hadi Krismasi. Baiskeli yake akaiacha imeegemea ukuta.

Hillechien alikuwa sebuleni anamwagilia maua ya dirishani. Usiku hakuwa amelala. "Hille," ikasema. Akamwagilia ua la kwanza. "Hille." Akamwagilia ua la pili. "Hille." Hapo kitu kikakatika ndani yake, akageuka akasema kwa sauti kamili, "Nini tena? Unataka nini kwangu?"

Aliporudisha uso dirishani, Roelie alikuwa barabarani, juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, anamtazama. Roelie akainua mkono. Hillechien naye akainua mkono, wenye kopo la maji, maji yakammwagikia kifuani. Wakatazamana hivyo. Kisha Roelie akakanyaga pedali akaenda, na kwa mwendo ule, Hillechien alijua hakwenda dukani.

Akafunga mapazia. Alifunga ya sebuleni, akafunga ya jikoni, akapanda juu akafunga hata ya chumba cha wageni ambacho hakuna anayeweza kukichungulia ila njiwa. Akashuka, akakaa nyuma ya jiko la kuni katika lile giza la mchana, blauzi imelowa. Ameniona, alisema moyoni. Imekwisha. Ameniona.

Na ona mambo ya hofu. Mwanamke aliyekuwa akipima maisha yake yote kwa macho ya watu, siku hiyo hakukumbuka hata kidogo mapazia yaliyofungwa yanawaambia nini watu. Roelie alikuwa ameona nini? Mwenzake kamkazia macho, midomo inacheza, amelowa kifuani, mkono juu. Alipogeuka nyuma kutoka mwisho wa barabara akaona nyumba nzima imezibwa. Baiskeli ya Harm ipo, Harm haonekani, na moyo wa Harm kila mtu anaujua. Roelie akajumlisha.

Hillechien alisikia viatu. Havikuwa vya mbao. Vilikuwa viatu vya ngozi, vya kanisani, vya watu kadhaa, vinakuja polepole juu ya kokoto. Havikuzunguka nyuma. Vikasimama, na mlango wa mbele ukagongwa.

Mlango ule haukuwa umeguswa tangu jeneza la baba mkwe. Nje mtu akakohoa, Hillechien akamtambua: Geert. Geert, ambaye hata kwenye ibada hunong'ona utani, leo anakohoa tu na kunyamaza. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Hillechien, mwanangu," ilikuwa sauti ya Lammigje. "Fungua. Tumekuja wote. Jambo hili huwezi peke yako."

Lammigje alikuwa jirani wa kwanza, wa ukuta kwa ukuta, na jirani wa kwanza kwetu ni cheo. Mtoto akizaliwa ni yeye, mtu akifa ni yeye, gari likihitaji kuitwa ni yeye. Hillechien akawaza kutorokea zizini, apite kwenye nyasi mpaka mferejini. Akasimama. Akafika kwenye mlango wa zizi, akashika kitasa, na akakumbuka kilichoko upande ule. Akawa yuko katikati, huku majirani, huku sauti, na miguu ikakataa kwenda popote.

Akaenda kabatini. Akalitoa koti lake la kanisani, akalivaa juu ya blauzi iliyolowa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Angalau asiulize wanakwenda wapi, alijiambia. Fenna aliuliza, na ndicho kitu alichokumbuka kila mara kwa uchungu. Akavuta komeo kwa mikono miwili kwa sababu lilikuwa limeshika kutu, akafungua.

Walisimama watatu kwa nguo nyeusi, Lammigje mbele, Roelie ana macho mekundu, Geert ameshika kofia kifuani. Lammigje akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Harm. Twende tumuoshe mapema, kabla hajakakamaa."

Hillechien aliwatazama mmoja mmoja. "Harm yuko Emmen," akasema. "Amekwenda kung'oa jino."

Kuku akapita uani akilalamika. Geert akaitazama kofia yake kama vile hiyo ndiyo iliyomdanganya.

"Mimi nimezaliwa hapa nimezeekea hapa," akasema, "sijaona maiti inayohangaika na meno."

Roelie aliangua kilio na kicheko kwa pamoja, akajifuta pua. Na hapo, kwa kuwa ana akili nyepesi, akauliza kile ambacho kila mmoja wao alikuwa nacho mdomoni. "Sasa mapazia, jirani? Mbona umefunga?"

Wote watatu wakamtazama. Hawakuwa na ubaya, walitaka tu kujua, na katika maisha yake yote Hillechien hakuwa amewahi kuogopa macho ya watu kiasi kile. Alijua kwamba jibu lake lingekuwa limeshazunguka kijiji kabla viazi vya mchana havijaiva.

"Kichwa," akasema. "Kilinishika vibaya. Mwanga ukawa unanichoma."

"Aa, kichwa," akasema Geert, naye akavaa kofia.

"Na ulikuwa ukiongea na nani pale dirishani?" Roelie akauliza.

"Nilikuwa nakigombeza kichwa chenyewe."

"Mwacheni," Geert akadakia. "Mke wangu anagombana na mashine ya kufulia, na mashine ndiyo inayoshinda."

Wakacheka, yeye akacheka pamoja nao, na mapazia yakafunguliwa. Wakaingia jikoni, akapika kahawa ingawa saa nne ilikuwa imepita, akazungusha kopo la biskuti, kila mmoja akachukua yake. Wakawa wanacheka tena habari ya jino. Hillechien, aliyekuwa akijikaza ili kikombe kisigonge sahani, akazungusha kopo mara ya pili. Vicheko vikapungua. Roelie akaangalia kopo, akaangalia dirishani. Geert akachukua, maana Geert hana haya, lakini Lammigje hakuchukua. Lammigje alimtazama Hillechien usoni, kisha akanyoosha mkono akafunga kifuniko mwenyewe, taratibu.

Geert na Roelie walipoaga, Lammigje alibaki kuosha vikombe. Kisha akauliza, mgongo umegeuka, "Kichwa, sivyo?"

"Ndiyo, jirani."

"Shangazi yako Fenna naye walisema ni kichwa."

Jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ya Hillechien hata siku moja. Akakaa kitini. Angeweza kukana. Alikuwa na uwongo mwingine tayari, alishautayarisha wiki nyingi: presha, mambo ya utu uzima, usingizi. Ila alikuwa amechoka, jamani. Alikuwa amechoka kuogopa.

"Kuna mtu ananiita," akasema. "Zizini. Hasemi kitu kingine, jina langu tu. Leo nilimjibu, ndipo Roelie akaniona."

Lammigje aliendelea kufuta kikombe kile kile ingawa kilikuwa kimeshakauka. "Harm anajua?"

"Hapana."

"Kesho nitakuja," akasema Lammigje, akatundika kitambaa.

"Kwa mlango upi, jirani?"

Alitaka kuliuliza kwa utulivu, likatoka kwa sauti nyembamba. Lammigje akageuka, akafungua mdomo, na hapo hapo mlango wa nyuma ukasukumwa, Harm akaingia, shavu limevimba, leso mdomoni. Akaliona vazi jeusi la Lammigje na koti la kanisani la mkewe.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," akasema Lammigje. "Geert alishajichagulia kubeba upande wa miguu." Akavaa viatu vyake akaondoka.

Usiku ule tuupite. Atakayejua ulivyokuwa ni yule aliyewahi kulala karibu na mtu anayekoroma huku yeye akisubiri kupambazuke na akiomba kusipambazuke. Mlango wa mbele ukigongwa, ni gari, ni koti, ni kalenda ya chooni. Ukifunguliwa wa nyuma, basi. Hakuwa na kitu kingine cha kufikiria.

Asubuhi alifungua mapazia yote, akapiga deki, akaweka vikombe. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa upepo. Harm alikaa mezani na gazeti, shavu amelifunga kitambaa hadi sikioni, hasikii hili wala lile. Saa nne ilikaribia. Hillechien aliketi mahali anapoweza kuuona mlango wa mbele kwenye korido, na hakuondoa macho yake pale.

Jina lake likaitwa nyuma.

Lilikatwa na upepo, lilifika nusu tu, jina la mwanamke katika sauti ya mwanamke. Harm hakuinua kichwa. Hillechien akashika ukingo wa meza. Akijibu, na nje hakuna mtu, Harm atakuwa amemsikia, na halitafutika tena. Asipojibu, na ni Lammigje, Lammigje atasimama mvuani kidogo, kisha atazunguka mbele. Likaitwa tena. Akapiga moyo konde.

"Ingia," akasema kwa sauti kubwa. "Mlango hauna komeo."

Harm alishusha gazeti akamtazama. Hakuna kilichotokea. Mvua ikapiga dirisha. Halafu vikasikika viatu vya mbao vikigongwa ukutani kutoa tope, kimoja, kisha cha pili, na Lammigje akaingia kwa soksi zake, kitambaa cha kichwani kinadondosha maji.

"Wewe nawe," akasema, "mpaka nilowe ndiyo ujibu?"

Akavuta kiti. Akasema Alhamisi mwanawe atakuwa na gari, na watakwenda wote watatu kwa daktari, na Harm naye aelezwe kahawa ikiisha, kwa kuwa moyo uliomudu jino utamudu na hili. Harm akauliza aelezwe nini, akaambiwa angoje. Kisha Lammigje akaongeza, polepole, akiangalia mikono yake, "Siku ya Fenna tulipita mbele, nami nilikuwemo. Sipiti tena."

Hillechien akainua birika la kahawa ammiminie. Ndipo sauti ikaja kutoka upande wa pili, zizini, wazi kabisa, bila upepo wala mvua.

"Hille."

Birika likabaki hewani. Lammigje aliuangalia uso wake, akaangalia mlango wa zizi, akaurudia uso.

"Imekuita?"

"Ndiyo."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Lammigje akasogeza kikombe chake karibu na birika. "Basi ingoje kidogo," akasema. "Mimina kahawa."